Anza na mkataba, skripti baadaye

Dada, unauliza kama uandike skripti ya riwaya yako mwenyewe au umwachie huyo prodyuza wa hapa Nairobi. Kwanza toa mkataba wako na mchapishaji uusome. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya kugeuza kitabu kuwa filamu ni ya mwenye hakimiliki, na kuihamisha lazima kuwe kwa maandishi. Huenda ulishatia sahihi kumpa mchapishaji haki hiyo siku nyingi!

Kama bado ni yako, usiiuze leo. Mpe prodyuza muda, tuseme mwaka mmoja, akulipe kiasi fulani kwa kuishikilia. Akikosa wafadhili, irudi kwako. Na kwenye mkataba wenu, haki ya filamu isitajwe pamoja na ya tamthilia ya TV kana kwamba ni kitu kimoja. Maprodyuza wanapenda sana kuandika “haki zote”. Kataa.

Skripti? Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, kwa hiyo riwaya ya kurasa 300 itakatwa vibaya. Mimi ningemwachia mwandishi wa filamu, nawe uombe kusoma kila rasimu na jina lako liwekwe kwenye filamu. Hata mahali panaweza kubadilika: *Rafiki* ya Wanuri Kahiu (2018) ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, lakini kwenye filamu tuko Nairobi. Kama hilo litakuuma, mwambie prodyuza sasa, kabla hajaanza kutafuta pesa.