Mwanangu, uliniuliza kuhusu dhahabu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Unasema umeiona ile rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ikiuzwa, unataka kumnunulia binti yako iwe sarafu yake ya kwanza, na unauliza kama mimi, baada ya umri wote huu wa kukusanya sarafu, najuta kwamba sikuipata.

Sijuti. Au tuseme niliwahi kujuta, majuto yenyewe yakachakaa. Wanasema majuto ni mjukuu, nami sasa ninavyo vyote viwili, na mjukuu ananifurahisha zaidi.

Ni sarafu nzuri, hilo halina ubishi. Tembo ameinua mkonga, mlima uko nyuma yake, kazi ya mikono inaonekana. Iligongwa mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewakatia Wajerumani njia ya kuletewa fedha kutoka kwao. Zilitoka takribani 16,000 tu. Dhahabu yake si safi, ni robo tatu, na uzito wake ni gramu 7 na kidogo, kwa hiyo usikubali kuinunua kabla haijakaa kwenye mizani. Kila mtu anaitamani, na pale penye kutamaniwa waigaji hawalali. Anayekuuzia muulize aliipata kwa nani, na huyo naye aliipata kwa nani. Akianza kubabaika, mshukuru uondoke.

Hapa najua unacheka, unasema mama ameanza. Ndiyo, nimeanza. Sarafu bila karatasi yake ni nusu ya sarafu. Nimelisema mezani, nimelisema safarini, baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akilimalizia kabla sijafika mwisho. Nitalisema tena.

Mfikirie yule askari wa Australia, Maurie Isenberg. Mwaka 1944 alikuwa kituoni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, akaokota ufukweni sarafu tisa. Alizitia kwenye kopo, zikakaa humo miaka na miaka. Alipozipeleka zikatambuliwe, mwaka 1979, nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, na tano zilikuwa shaba za Kilwa. Za Kilwa, mwanangu, huko Australia! Sasa, shaba za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani na maneno ya Kiarabu yenye vina, mstari upande huu na mstari upande ule, basi. Ukiikuta moja kwenye bakuli la muuzaji ni kijipande cha shaba kilicholika. Kilichozifanya zile tano zisumbue vichwa vya wanahistoria hadi leo ni kwamba yule bwana alikumbuka mahali na akaweka alama ya X kwenye ramani. Karatasi hiyo, na alama moja ya kalamu.

Basi nije kwenye ninachokijutia, kwa kuwa neno umelitaja wewe.

Unazikumbuka bahasha za babu yako? Za kaki, ndogo, kila moja na sarafu yake, mwandiko wake ule wa kubanana kana kwamba wino ulikuwa wa mkopo. Hakuandika sana. Sarafu gani, imetoka kwa nani, imepitia wapi. Aliponiachia lile sanduku hakusema chunga fedha, alisema chunga bahasha. Nikazichunga. Kisha nikanunua albamu, ile ya jalada jekundu, nikasema nitazihamishia humo polepole, nikinakili bahasha moja moja.

Wewe ulikuwa darasa la tatu, shule zimefungwa. Nikarudi kazini jioni nikakuta umenisubiri mlangoni, uso unawaka. Ukanishika mkono ukanipeleka mezani. Albamu imejaa. Kila sarafu kwenye dirisha lake, na bahasha zote umezichoma pamoja na takataka kwa sababu zilikuwa kuukuu na mama anapenda nyumba safi.

Nikasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Baba yako akanitazama, akatoka nje.

Kwa nini nakueleza leo? Sikutaka ujue. Halafu nikafikiri, mtu mzima anayetaka kumpa mtoto wake dhahabu anaweza kubeba na hili. Halafu nikafikiri tena kwamba labda nalileta sasa kwa sababu bado linaniuma, na visingizio vingine vyote nimevitunga baadaye. Chukua unachoona ni kweli.

Ila lazima niseme na upande wa pili, maana nikiusahau nitakuwa nakudhulumu. Ulivyozipanga! Hukufuata nchi wala mwaka. Za matundu uliziweka pamoja, ukaniambia hizi ni za kuvalia uzi. Shilingi za wafalme ukazigawa mafungu mawili, wenye taji na wenye vichwa wazi, na bila kujua ukawa umemtenga George wa Tano na George wa Sita, jambo ambalo watu wazima hulifanya wakiwa na kitabu mkononi. Riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ukaipa ukurasa wake peke yake. Nilipouliza kwa nini, ukasema, "Huyu mama amenona, hawezi kubanwa." Nilicheka hadi nikakaa chini. Siku ileile, saa ileile. Kwa hiyo nikisema ilikuwa siku mbaya nitakuwa mwongo, na nikisema ilikuwa nzuri pia.

Albamu yenyewe ilitulipa kwa namna yake. Ile plastiki laini iliyokuwa na harufu ya kitu kipya ilikuwa PVC, na PVC hutoa asidi taratibu bila mtu kuona. Miaka michache baadaye nikakuta shaba zimeota utando wa kijani unaonata kidoleni. Ukikuta hivyo kwako, loweka sarafu kwenye asetoni tupu, dirisha likiwa wazi na moto mbali. Ile ya kufutia rangi ya kucha haifai, ina manukato na mafuta. Usisugue. Nasema tena usisugue, hata kwa kitambaa laini. Wala usiing'arishe kwa ndimu, dawa ya meno au majivu. Utando wa weusi au hudhurungi ulio juu ya sarafu ya zamani ni ngozi yake, ukiutoa haurudi, na mnunuzi yeyote mwenye macho ataona mikwaruzo kabla hata hujamaliza kumsalimia. Hifadhi kwenye plastiki ya poliesta au kwenye karatasi isiyo na asidi. Babu yako na kaki yake hakujua habari za asidi, lakini alizigeuzageuza mara kwa mara na chumba chake kilikuwa kikavu. Hilo lilimsaidia kuliko albamu yangu.

Shaba nyingi nilizinusuru. Kilichonishinda ni ile riale.

Maana hebu fikiria riale ya Maria Theresa ni kitu gani. Yule malkia alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kugongwa Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, zote zikiandikwa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu hadi Ethiopia hawakutaka nyingine. Walikuwa wakichunguza hata lulu za pambo lake kabla ya kuipokea. Mwaka ulioandikwa juu yake haukuambii lolote. Wataalamu hutazama vitu vidogo sana kujua imetoka kiwanda gani, na hata wakijua, bado hawajui imeishi wapi wala na nani. Ya kwetu yote hayo yalikuwa kwenye bahasha. Sasa ni riale kama riale nyingine, na nikiichanganya na nne za mnadani sina hakika ningeitambua kama isingekuwa na kovu lile juu ya kichwa.

Kuhusu dhahabu, nilikuwa nimeandika usinunue, nikaikata. Fedha ni yako na binti ni wako. Mtoto anayeanza na dhahabu hujifunza kufunga kabati, hilo tu ndilo ninaloliogopa. Lakini pia nimewaona walioanza na vijisenti wakaishia kuvimwaga, kwa hiyo hofu yangu haina ushahidi mkubwa. Kuna ile senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, ya tundu, yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo aliingia Januari akajiuzulu Desemba mwaka uleule, na kwao Uingereza hawakuwahi kutoa sarafu za matumizi zenye sura yake. Yetu ilitoka kwa sababu ilikuwa na tundu, haikuhitaji sura, jina lilitosha. Mtoto anaweza kuitia kwenye uzi na kuivaa shingoni, nami nisipige kelele. Sisemi umnunulie hiyo badala ya ile. Nasema tu kwamba ipo.

Ukinunua yoyote, mwandikie bahasha. Kwa mkono wako, si kwa mashine. Sarafu bila karatasi yake, basi, sitamalizia.

Nami nina ombi, na ndilo lililonichelewesha kukujibu. Bahasha ya riale ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulikuwa jina lake na mwaka. Wa pili ulisema ilitolewa kwenye mkufu, ndiyo maana ina lile kovu la kishikizo. Wa tatu ulisema mwenye mkufu alimpa babu yako wakati wa kuhama, kwa mkono wake, na kwamba hakutaka malipo. Wa nne ulikuwa jina la huyo mwanamke, na hilo limenitoka. Nimejaribu majina yote ninayoyajua, hakuna linalokaa.

Wewe wakati ule ulikuwa umeshajua kusoma, na ulikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, hata mabango ya barabarani. Uliitoa ile riale kwenye bahasha yake mwenyewe. Kama ulisoma, na kama kuna hata herufi ya kwanza unayoikumbuka, niandikie kabla hujaniandikia kuhusu Tabora.

Mama yako