Kabla Hujahamia Kisiwani Indonesia, Uliza Habari za Meli

Watu wanaojua kwamba niliwahi kukaa Wakatobi huniuliza habari za samaki, matumbawe na kodi ya nyumba. Meli hawaiulizi, nayo ndiyo ya kuanza nayo. Inakuja siku gani, inatoka wapi, na isipokuja watu wanakula nini? Ukijibiwa hayo, mengi ya maisha ya kijiji umeshayajua.

Wakatobi ni visiwa vya kusini-mashariki mwa Sulawesi, kisiwa kikubwa cha Indonesia. Vikubwa ni vinne, Wangi-Wangi, Kaledupa, Tomia na Binongko. Mimi nilikuwa Kaledupa, mwanafunzi wa uzamili niliyekwenda kuuliza wakulima habari za mwani. Ndege hutua Wangi-Wangi. Asiye na nauli ya ndege hupanda boti la usiku kutoka mji wa Baubau au Kendari, analala juu ya godoro jembamba ubavuni mwa magunia ya vitunguu, kisha kutoka Wangi-Wangi anatafuta boti dogo la kumvusha. Bahari ikichafuka, boti dogo haliendi. Juni hadi Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki ambao mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa. Ni kusi kabisa. Basi ziara yako ya kwanza ipange miezi hiyo. Ukienda Novemba bahari imetulia, utaona pepo ya dunia na utarudi nyumbani kuuza gari.

Miezi ya upepo ndiyo inayokuonyesha kijiji. Mayai yanaadimika dukani, petroli inauzwa kwa chupa na bei inapanda, na mezani kinabaki kile ambacho kisiwa chenyewe kinatoa: samaki na kasuami. Hiki ni chakula cha muhogo. Unakunwa, unakamuliwa chini ya mawe mazito mpaka ubaki mkavu, unavurugwa kwa vidole, halafu unatiwa kwenye kifuko cha majani ya kusuka chenye umbo la pia na kupikwa kwa mvuke. Mama aliyenipangisha chumba alikuwa akiufanya kabla ya alfajiri, umeme wa jenereta ukiwa bado haujakatwa, maana zamani zangu zile umeme ulikuja jioni na kuondoka asubuhi. Kasuami hukaa siku kadhaa bila kuharibika, ndiyo maana wavuvi huenda nayo baharini. Kama huwezi kula muhogo wiki nzima bila kununa, baki mjini.

Sasa fedha. Zipo, tena wakati mwingine nyingi kuliko unavyodhani, ila haziji kwa mwezi. Zinakuja kwa mavuno. Mwani wa kotonii huwa tayari kwa siku kama 45, umefungwa kwenye kamba ndefu zinazoelea kwa chupa tupu za maji. Unaanikwa kwenye vichanja, uani, hata kando ya barabara, na wingu jeusi likitokea utaona mtaa mzima unakimbilia maturubai. Mnunuzi akifika, hachukui mizani kwanza. Anachomoa fungu katikati ya gunia, analivunja, analisugua viganjani na kutazama chumvi na mchanga vinavyodondoka. Ndipo anataja bei. Bei hiyo haikutungwa Kaledupa: inatoka kwa wasafirishaji wa Makassar na Surabaya, nao wanatazama viwanda vya China, ambako sehemu kubwa ya mwani mkavu wa Indonesia huishia.

Msomaji wa Paje au Makunduchi ataona nasimulia kwao. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na ugonjwa unaoyafanya matawi kuwa meupe na kukatika wanaujua kote kuwili. Hata deni linafanana. Kwetu makampuni yalikuwa yakitoa kamba na vigingi, mkulima akawauzia wao. Kaledupa bosi wa kijiji, yaani mfanyabiashara anayenunua mwani, anakopesha kamba, mchele na petroli, na mavuno yanakwenda kwake kwa bei yake. Wageni wasomi wakiona hivyo husema huu ni unyonyaji, tuufute, tuanzishe ushirika. Mimi nasema pole pole. Mkulima mmoja alinieleza kwamba anajua kabisa anapunjwa, lakini usiku mkewe alipozidiwa, boti lililowashwa lilikuwa la bosi huyo huyo na petroli haikuulizwa bei. Ukitaka kuja na biashara ya kumng'oa bosi, jiulize kwanza kama na wewe utaamshwa saa nane za usiku.

Hilo linanileta kwenye afya. Mkunga yupo, kituo cha afya kipo, na tangu 2014 Indonesia ina bima ya afya ya taifa. Wananchi wengi wana kadi. Lakini upasuaji mkubwa mara nyingi ni Baubau au Kendari, na kadi haisukumi boti. Mwenye pumu, mwenye kisukari cha sindano, mwenye mimba yenye matatizo: kaa karibu na hospitali.

Serikali haijavitupa vijiji, hili niseme kwa haki. Sheria ya vijiji ya 2014 ilileta mfuko unaopeleka fedha za bajeti ya taifa hadi vijijini, na tangu 2015 vijiji zaidi ya 74,000 vimekuwa vikipata mgawo wa kila mwaka. Pita mbele ya ofisi ya kijiji utakuta bango kubwa lenye picha ya mwenyekiti na mchanganuo wa rupia: gati, barabara ya zege, vyoo. Lisome. Bango lililofifia la miaka mitatu nyuma linakuambia habari ambayo hakuna mtu atakuambia kwa mdomo.

Vijana lakini wanaondoka. Wanakwenda Kendari na Makassar kusoma, Ambon kuuza duka, Sabah ya Malaysia kufanya vibarua. Waliobaki na shahada wengi wanafundisha kwa mkataba kwa malipo madogo yasiyofika kwa wakati, wakisubiri mitihani ya utumishi wa serikali. Ukienda wewe mgeni na kufundisha Kiingereza bure ili ufurahie maisha, fikiria mwalimu huyo unamweka wapi. Muulize kwanza, pengine anataka umsaidie yeye darasani.

Kwa mgeni riziki ya uhakika ni ile inayotoka nje ya kisiwa: ufadhili wa masomo, mradi, au kazi ya mtandaoni pale mnara wa simu unapokubali. Viza ya kitalii haikuruhusu kufanya kazi, na mtafiti anahitaji kibali. Kiwanja usinunue. Sheria ya ardhi ya 1960 haimpi mgeni umiliki kamili, na ule ujanja wa kuandikisha kwa jina la rafiki humwacha rafiki na kiwanja. Kodi nyumba.

Siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti na nakala ya pasipoti, kabla ya kwenda kuogelea. Kama wewe ni mwanamume Mwislamu, swala ya Ijumaa itakutambulisha haraka kuliko barua yoyote, maana karibu wanaume wote wa kijiji wapo pale. Beba noti ndogo ndogo. Wakala wa benki yupo dukani, anafanya kazi kama mawakala wetu wa M-Pesa, lakini fedha humwishia kabla ya meli kuja. Beba dawa zako za miezi yote. Na safari ya kurudi usiipange karibu na Idi, kwa sababu wote walioondoka wanarudi wiki hiyo, na siku zinazofuata wanagombea viti vya boti hilo hilo moja kuondoka tena.