Tui mtoni

Kwa miaka minne nilikuwa nasuuza bomba langu la mgongoni kijitoni. Nikimaliza kupulizia nyanya dawa ya wadudu, nashuka hadi kwenye jiwe wanalofulia akina mama, nalitumbukiza bomba, nalitikisa, namwaga. Maji yanageuka meupe pe, kisha yanaenda zake.

Kiangazi kimoja bibi wa bustani ya chini akapanda na ndoo tupu. "Mjukuu wangu, umemwaga tui mtoni. Wali wake uko wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono hadi kidimbwini kwake: vikambare matumbo juu, vingine bado vinatapatapa.

Huku bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania, kijito chetu ikifika Agosti mtoto anakiruka. Dawa haina maji ya kuipunguza makali. Na dawa nyingi za wadudu tunazopiga kwenye nyanya ni za kundi la pairethroidi; kidogo tu kinamaliza samaki. Msijidanganye kuwa mtachemsha maji: moto unaua vijidudu, sumu hautoi. Vidonge vya kutibu maji navyo ni hivyo hivyo.

Siku hizi nachota maji kwa ndoo safi, nachanganyia juu shambani. Chupa ikiisha nasuuza mara tatu, na yale maji yanarudi ndani ya bomba, yanapigwa kwenye nyanya. Dawa nimenunua kwa hela, kwa nini niwape kambare? Chupa naitoboa, maana huku kwetu chupa nzima haikai siku mbili bila kutiwa mafuta ya kula.

Bomba lenyewe nalioshea shambani, mbali na maji, na maji ya kuoshea nayapulizia mstari wa mwisho.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tukae mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Tukipima kwa kamba, nusu ya bustani zetu hazipo, yangu ikiwemo. Nimeanza kurudi nyuma, na ukingoni nimepanda mabingobingo yazuie udongo na mbolea. Urea nayo siiweki nikiona wingu zito. Zamani mvua ilikuwa inaishusha yote, kidimbwi kinaota ukoga wa kijani.

Wiki iliyopita maji yalishuka meupe tena. Bibi alikuja moja kwa moja kwangu. Nikamwonyesha bomba langu, kavu, limening'inia ukutani. Tukatazamana, kisha wote tukageuka kutazama bustani za juu.