Klipu saba na sikio moja la madigadi

Juzi usiku, nimetoka kuswali isha, nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Tanga kuhusu kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne: "Shikamoo kaka. Nimefungua bodi ya kwadi nioshe rejeta, klipu tisa zimevunjika na madigadi imechanika. Bosi anarudi keshokutwa. Nifanyeje?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Huyo kijana ni mimi wa zamani, hapahapa Bagamoyo. Tena mimi zilivunjika saba tu, na nililipa kama nimevunja injini.

Najua ninyi mnaonisoma hapa mnataka kwadi yenu wenyewe, wageni wapange foleni ufukweni nanyi mkae kivulini mnahesabu. Basi sikilizeni nilikopitia.

Nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye hoteli moja ya ufukweni. Hoteli ilikuwa na kwadi mbili. Siku moja wageni walirudi kutoka Kaole na moja inachemsha. Walikuwa wameipitisha kwenye tope la mikoko na rejeta yote imeziba. Fundi wa kutoka Dar hapokei simu. Nikasema, nipeni mimi. Baba yangu alinifundisha kutengeneza mashine ya boti nikiwa mdogo, rejeta itanishinda nini?

Rejeta haikunishinda. Kilichonishinda ni klipu, vidude vyeusi vilivyoshika plastiki ya mbele, vichwa bapa kama vifungo vya koti. Nilichukua bisibisi bapa, nikaitia chini ya kichwa, nikachokonoa. Tak! Kichwa kikarukia mchangani, miguu ikabaki ndani ya tundu. Mtu mwenye akili angesimama hapo, lakini mimi nilikuwa natazamwa na wapishi wawili, nikaendelea. Ya saba iling'oka pamoja na kipande cha madigadi, lile sikio lenye tundu, na ufa ukapanda juu kiasi cha shubiri.

Nilikuwa sijui kwamba klipu ina vipande viwili: ala yenye miguu, na pini katikati. Pini ikikaa mahali pake inaitanua ile miguu upande wa pili wa tundu, ndiyo maana haitoki hata uvute kwa koleo. Kwa hiyo huanzi na klipu, unaanza na pini. Ukiona pini imelala sawa na kichwa, ina kishimo katikati, ibonyeze kwa ncha butu mpaka isikike "ki", milimita chache tu. Ukizidisha inapenya na kuangukia ndani, utaitafuta mpaka magharibi. Ukiona pini ina ukingo na upenyo mdogo pembeni, hiyo inainuliwa juu: ncha ya bisibisi iende chini ya pini, siyo chini ya ala. Na yenye alama ya msalaba, bisibisi ya nyota, robo mzunguko kinyume cha saa, taratibu. Ikizunguka yote bila kupanda, mchanga umeingia. Mwagia maji, ipulize, jaribu tena. Usichokonoe.

Kurudisha ndiko kulikonitoa jasho zaidi. Klipu chache zilizopona niliziingiza vilevile nilivyozitoa, zikagoma, nikazigonga kwa nyundo. Kumbe ile ya kubonyeza lazima kwanza uisukume pini kutoka nyuma ichomoze juu ya kichwa, miguu ijikunje, ndipo uitie kwenye tundu na kubonyeza pini mpaka ilale. Kidole gumba kinatosha. Na usifunge hata moja kabla matundu yote hayajaelekeana. Plastiki iliyoungua jua la Bagamoyo miaka kadhaa haipindiki, inapasuka. Klipu zenyewe, kama ni za nailoni na zimekauka, ziloweke kwanza kwenye maji ya moto; nailoni hunywa maji, na ikiyanywa hulainika.

Nirudi kwenye ule ufa. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nilipasha msumari moto, nikatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, nikaushona kwa uzi wa nyavu kama ninavyoziba jarife lililochanwa na papa. Mshono ulikaa. Nasema ulikaa! Bosi alipokuja akautazama, akawaita wenzangu waje waone, akasema, "Huyu ameishona mashine yangu kama nyavu, mrudisheni pwani akavue." Wakacheka wote, hata wale wapishi. Nusu ya mshahara wa mwezi ule sikuiona. Na kwadi ile ilibeba wageni na mshono wangu mpaka siku niliyoacha kazi. Hakuna aliyeugusa, hakuna aliyenirudishia hela.

Leo nina kwadi tatu zangu. Napanda daladala, kilomita 70 hivi, nakwenda Kariakoo kununua klipu nikiwa na ile ya zamani mfukoni, maana muuzaji anatazama kichwa na mimi natazama tundu. Nyingi ni za milimita 6 au 8. Zile za bampa za magari zinafaa kabisa kama kipimo cha tundu na unene wa plastiki vinalingana. Nikifungua bodi naanza na kiti, halafu klipu zote kwenye kopo la maziwa, hakuna kuweka mchangani.

Vijana wa siku hizi mnataka kuendesha kabla ya kujua kufungua. Mnataka picha na kwadi, hamtaki kuchutama chini yake. Mkiambiwa subiri mnaona mnaonewa wivu. Kitu kikigoma, kuna kitu hujakiona. Weka bisibisi chini, piga magoti, tazama. Usichokonoe! Nimeshasema mara ngapi?

Yule kijana nilimwandikia haya yote kwa kirefu, pamoja na habari ya mshono. Amejibu asubuhi hii: klipu nne amezipata kwa fundi wa magari, tano bado, bosi amechelewa siku moja. Kuhusu pini hajauliza kitu. Anataka kujua uzi gani.

Nimemjibu: wa jarife. Wa nyavu za dagaa utakatika.