Plagini yenye CSRF ya 4.3: mimi ilinifanya nimtuhumu kijana wa watu

Mkuu mleta mada, umesema skana ya usalama imekuonyesha plagini yako ya fomu (programu ndogo ya kuongezea kwenye WordPress) ina CSRF, yaani tundu linalomwezesha tapeli kukifanya kivinjari chako kitume ombi usilolikusudia, ukali 4.3 kati ya 10, na mtengenezaji bado hajatoa toleo jipya. Ukauliza kama unaweza kuiacha mpaka mwezi ujao, maana nenosiri lako ni refu na una uthibitisho wa hatua mbili. Izime leo. Nenosiri na hatua mbili haviingii kabisa hapa, kwa sababu anayefanya kosa ni wewe mwenyewe, tayari umeshaingia, na kivinjari chako kinapeleka kuki zako (alama zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia) bila kukuuliza. Hiyo 4.3 imeshuka hivyo kwa sehemu kwa sababu shambulio linahitaji mtu abonyeze kitu. Sasa hapa kwetu nani habonyezi?

Nina mteja Uyole, Mbeya, mzee anayeuza miche ya parachichi. Kitalu kiko Tukuyu, ofisi ni kachumba kamoja hapo Uyole, laptop moja, anaitumia yeye na mpwa wake. Akaunti ya msimamizi ni moja na wote wanaijua (nilishalalamika, sikusikilizwa). Tovuti niliwatengenezea kwa WordPress, oda zinajazwa kwenye fomu, taarifa inaenda kwenye barua pepe ya mzee.

Siku moja mteja wa Njombe anapiga simu: mbona ametuma malipo ya awali na miche haiji? Malipo gani? Kumbe kuna mtu alimpigia, anajua idadi ya miche, anajua aina ni Hass, kampa namba ya kulipia. Naingia kwenye mipangilio ya plagini, nakuta taarifa za oda zinaenda kwenye anwani ya barua pepe tusiyoijua. Mzee kwa karibu wiki tatu alikuwa anadhani biashara imedoda tu.

Nikafungua logi ya seva, yaani kumbukumbu ya kila ombi lililofika kwenye tovuti. Mstari ulikuwa wazi kabisa: ombi la GET (aina inayotokea ukibonyeza linki) kwenda admin-post.php, faili la WordPress linalopokea maombi ya fomu, na ile anwani ngeni ya barua pepe imo ndani ya URL (linki) yenyewe. IP, yaani namba ya mtandao, ni ya ruta ya ofisini. Kivinjari ni cha ile laptop. Saa 07:42. Na saa moja na nusu asubuhi anayekuwepo ofisini ni yule mpwa wake, kijana, peke yake, ndiye anayefungua. Nikampigia mzee, nikamwambia nilichoona. Hapo ndipo nilipokosea, na hadi leo nikikutana na yule kijana Mwanjelwa naanza mimi kusalimia.

Kijana aliapa. Mzee akamrudisha kwao Tukuyu. Siku mbili baadaye narudia ile logi nione kama kuna mengine, ndipo nikaona mwishoni mwa muda kuna +0000. Seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu! Ongeza saa tatu, inakuwa 10:42, saa nne na dakika arobaini na mbili. Saa hiyo kijana alikuwa kitaluni anapakia miche, na dereva wa Noah ni shahidi. Pembeni ya mstari huohuo, sehemu inayoonyesha ombi limetokea tovuti gani, kulikuwa na jina ambalo si letu. Kama mtu angebadilisha akiwa ndani ya dashibodi, pale lingekaa jina la tovuti yetu.

Nikamuuliza mzee siku ile alifungua nini. Akafikiri, akasema: "Mwanangu, kuna mtu aliandika anataka miche elfu mbili, akaweka linki ya orodha yake. Nikabonyeza, ikanirudisha kwenye tovuti yetu, ikaandika mipangilio imehifadhiwa. Nikajua nimekosea kubonyeza, nikafunga." Yote yalikuwa humo kwenye sentensi yake. Ukurasa wa tapeli ulimsukuma kivinjari chake kwenye ile URL, kuki zikaenda, plagini ikahifadhi.

Nilipofungua msimbo (code) wa plagini, kulikuwa na current_user_can, yaani inauliza kama huyu ana ruhusa. Mzee anayo. Haikuuliza kama alikusudia, ambayo ndiyo kazi ya tokeni (namba ya siri ya muda ambayo tovuti huiweka kwenye fomu zake) inayokaguliwa na wp_verify_nonce. Na usijipe moyo kwamba Chrome tangu 2020 inazuia kuki za namna hii: inazuia kuki kwenye fomu za POST (aina ya ombi linalotuma data ndani yake, si kwenye linki) zinazotoka tovuti nyingine, lakini linki ya kawaida ya GET inapita nazo. Plagini inayohifadhi mipangilio kwa GET imejiacha wazi.

Toleo la marekebisho lilipotoka nikalisoma kabla ya kuliweka, na nilifanya vizuri. Waliandika kwamba kama tokeni imetumwa na si sahihi, kataa. Isipotumwa kabisa? Inapita. Ni mlinzi anayekagua vitambulisho vya wanaovionyesha tu. Nikaifuta plagini, nikaweka nyingine. Kwa hiyo hata lako likitoka, fungua faili utazame hapo kwanza.

Ukishaizima, angalia anwani ya taarifa na mipangilio mingine yote kwa macho, maana toleo jipya halirudishi kilichokwisha kubadilishwa. Kazi za kila siku fanya kwa akaunti ya Mhariri (Editor, isiyo na ruhusa ya kubadili mipangilio), ya usimamizi iwe kwenye kivinjari kingine ambacho husomei barua pepe. Ile "nikumbuke" usiiweke tiki, inakuacha ndani siku 14 badala ya 2. Na kila mtu awe na akaunti yake, jamani.

Kijana alirudi kazini, mzee mwenyewe alimfuata. Mimi nilipeleka soda na maneno machache, akasema "ndaga" (asante kwa Kinyakyusa) bila kuniangalia.

Wewe weka hapa mstari wa logi yako, ficha IP, lakini muda uache kama ulivyo, na ile sehemu yake ya mwisho (kama +0000) usiikate.