Skrini moja, mashine mbili: kuandaa mradi wa LVGL wa kompyuta na ESP32

Mradi wangu wa kwanza wa skrini ulikuwa wa tangi la kupozea maziwa: kioo cha inchi 2.8 chenye pikseli 320 kwa 240, bodi ya ESP32 (chipu ndogo ya kuendeshea vifaa) na kihisi joto, ili mpokeaji aone kama maziwa yameshuka hadi nyuzi 4. Niliandika kila kitu, pamoja na msimbo wa LVGL, yaani maktaba ya kuchorea skrini, ndani ya faili moja. Kitufe kilipoguswa, msimbo wa kitufe hicho hicho ndio uliokwenda kusoma kihisi na kuwasha kompresa. Kila niliposogeza andiko pikseli tano, ilinibidi kukompaili upya, kupakia kwenye bodi na kungoja. Na nilipotaka kuijaribu skrini ile kwenye kompyuta haikuwezekana, kwa kuwa kompyuta haina pini za kusoma.

Kwa hiyo wewe unayeanza, tenganisha mambo tangu siku ya kwanza. Tengeneza folda tatu: ya kiolesura, ya kompyuta na ya bodi. Msimbo wa folda ya kiolesura utumie LVGL peke yake, usiguse faili lolote la SDL (maktaba ya kufungulia dirisha kwenye kompyuta) wala la ESP-IDF (zana za kuandikia programu za ESP32). Mimi huweka humo funksheni kama onyesha_joto(), inayopokea namba na kuichora bila kuuliza imetoka wapi. Kwenye bodi namba hutoka kwa kihisi. Kwenye kompyuta huipandisha na kuishusha kwa vitufe vya mishale, nikaona onyo la nyuzi 12 likiwaka pasipo maziwa ya mtu kuharibika.

Upande wa kompyuta hauna mengi. Kwenye Ubuntu, sakinisha libsdl2-dev, nakili lv_conf_template.h uiite lv_conf.h, badilisha #if 0 ya mwanzoni iwe #if 1, kisha weka LV_USE_SDL kuwa 1. Katika toleo la 9 dirisha hufunguliwa kwa lv_sdl_window_create(320, 240) na kipanya kwa lv_sdl_mouse_create(). Toleo moja la LVGL litumike pande zote mbili, lifungwe ndani ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Ukikuta mafunzo yanayotaja lv_disp_drv_init, fahamu kwamba ni ya toleo la 8 au la kabla yake, wala usiyachanganye na haya. Jambo moja hufichika hapa: draiva ya SDL huipa LVGL saa yenyewe, ilhali kwenye bodi ni lazima uitoe wewe kwa lv_tick_set_cb(). Ukisahau, skrini huganda, nawe utapoteza siku nzima ukitafuta kosa kwenye nyaya.

Kompyuta ni shahidi mwema wa sura na mpangilio, lakini kuhusu kumbukumbu na kasi usiutegemee ushahidi wake. Picha kamili ya kioo hiki, kwa rangi za biti 16, ni baiti 153,600. ESP32 ina kilobaiti 520 za SRAM, kumbukumbu yake ya ndani, ambazo mfumo wenyewe na Wi-Fi nazo huzitumia, kwa hiyo bafa (nafasi ya kuchorea kabla ya kutuma kwenye kioo) ya mistari 24, yaani baiti 15,360, inatosha kabisa kuanzia. Kasi nayo inahesabika kabla hujanunua chochote: picha hiyo ni biti 1,228,800, na SPI (njia ya data kati ya bodi na kioo) ya megahezi 40 huipitisha kwa takriban milisekunde 31, hata kama prosesa isingetumia muda wowote kuchora. Ndiyo maana ukurasa unaoteleza kwa ulaini kwenye dirisha la SDL hukwamakwama kwenye kioo, nami siku hizi huchora upya tarakimu za joto tu.

Rangi zikikuchanganya, usibahatishe. Chora miraba mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Ikiwa nyekundu na buluu zimebadilishana huku kijani ikibaki kijani, tatizo ni mfuatano wa rangi, RGB (nyekundu kwanza) au BGR (buluu kwanza), katika mipangilio ya kioo. Ikiwa nyekundu imeelekea buluu, na kijani ikaelekea wekundu, basi baiti mbili za kila pikseli zimegeuzwa, na dawa yake katika toleo la 9 ni lv_draw_sw_rgb565_swap() kabla ya kutuma. Mraba mweupe juu ya weusi hautakuonyesha kosa hili, kwa sababu nyeupe ni 0xFFFF na nyeusi ni 0x0000, na zote mbili hubaki vile vile zikigeuzwa.

Lipo pia linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Fonti ya Montserrat inayokuja na LVGL ina herufi zote tunazohitaji, na hata alama ya nyuzi joto imo. Lakini nilipobandika maneno “Maziwa ya ng’ombe” kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, kati ya g na o kulitokea kisanduku kitupu. Programu ile ilikuwa imeigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, yaani U+2019, ambayo haimo katika fonti hiyo. Andika ritifaa kwa mkono ndani ya msimbo wenyewe. Kosa hili huonekana kwenye kompyuta sawasawa na kwenye bodi, basi likamate hapo hapo kabla kifaa hakijafika kwa mpokeaji wa maziwa.