Uliza Fundi: Kamkoda mpya, kioo kina doti

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mi napiga video za harusi na sendofu hapa Morogoro, juzi kati nimevuta kamkoda Kariakoo, mpya kabisa ya kwenye boksi, kufika nyumbani naiwasha nakuta kile kioo cha kufungua pembeni kina doti nyekundu haiondoki na zingine mbili nyeusi pale kwenye kona. Nimefuta na kitambaa wapi. Kumpigia mwenye duka ananiambia "hizo kawaida, zote ndo zinakuwaga hivyo", na risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Jumamosi nina harusi, je hizi doti zitatokea kwenye video ya mteja? Halafu kuna fundi simu hapa mtaani anasema kioo anabadilisha.

JIBU: Kwanza huyo fundi simu usimpe hiyo kamera, nitakwambia kwa nini.

Cha kujua ni doti zinakaa wapi, kwenye kioo au kwenye sensa, yani ile chipu ya nyuma ya lenzi inayopokea picha. Fungua menyu. Kama doti zinaonekana mpaka juu ya menyu yenyewe, hizo ni za kioo, maana menyu haipiti kwenye lenzi. Ila hapo usimalizie, funika lenzi na kifuniko chake, rekodi kama dakika moja hivi, ifunue urekodi na karatasi nyeupe, kisha hizo faili zitazame kwenye tivii au kompyuta, usizitazame kwenye kamera tena. Ya kwanza ikiwa nyeusi tii na ya pili nyeupe, zote bila doti, Jumamosi nenda kapige harusi yako kwa raha, mteja hataona kitu. Kwa ulivyoeleza, moja nyekundu na mbili nyeusi za kukaa palepale, mi nahisi ni kioo tu, lakini pima.

Kwenye kioo cha namna hiyo kila pikseli, yani kale kanukta kanakojenga picha, ina vipande vitatu, chekundu, kijani na bluu, na kila kipande kina kaswichi kake kadogo sana. Kaswichi kakigoma, kipande kinabaki kimewaka rangi moja muda wote au kinabaki giza. Hiyo nyekundu ina matumaini kidogo: tafuta kwenye simu video ya rangi zinazopishana haraka haraka, elekeza kamkoda kwenye simu ili kioo chake nacho kipepese hivyo, iache nusu saa au saa nzima ikiwa kwenye chaja. Wengine zinaondoka, wengine wapi. Nyeusi usihangaike nazo. Na ile ya kubonyeza kioo kwa kidole au kukisugua, achana nayo, unaweza ukaanza na doti tatu ukamaliza na doa.

Sasa mwenye duka. Inaudhi kusema hivi ila jamaa ana ukweli nusu. Soma vitabu vya maelekezo vya Sony na Canon, wameandika kabisa kwamba vioo vyao zaidi ya asilimia 99.99 ya pikseli zinafanya kazi na kwamba doti chache nyeusi au za rangi ni kawaida na hazirekodiwi. Piga hesabu, kioo cha pikseli 460,000, asilimia 0.01 ni pikseli 46. Wewe zilizogoma ni tatu. Ukienda kwenye waranti utajibiwa iko ndani ya kiwango, na kama mzigo ulipitia Dubai wanaweza wakakwambia waranti yake ni ya huko huko. Kingekuwa kitu kinachoharibu picha ningekwambia komaa, kale kamaneno ka "hairudishwi" hakamlindi muuzaji wa kitu kibovu na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, lakini kwa doti tatu za kioo naona utamaliza nauli bure.

Kinachowezekana ni chenji ya kirafiki. Nenda mapema wiki hii hii, na boksi, mifuko yake yote na risiti ya EFD, usidai hela, omba akubadilishie ingine ya aina hiyo hiyo, watu wa Kariakoo wanapenda mteja anayerudi hasa ukimwambia unataka na betri ya ziada. Ila hiyo ya pili iwashe hapo hapo, ione lenzi ikiwa imefunikwa halafu ielekeze kwenye karatasi nyeupe, usije ukabadilisha tatu kwa sita.

Fundi simu sasa. Waya wa kile kioo ni utepe mwembamba unaopita ndani ya bawaba, akiufungua vibaya kioo chote kinazima, na waranti imekufa hapo hapo.

SWALI: Sisi huku Mombasa tuna kamera ya mtumba, mchana iko sawa, usiku kwenye giza inatoa vidoti vyeupe na hata kwa kompyuta viko. Hiyo nayo ni kioo?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo ni sensa. Vidoti hivyo hujitokeza geini, yani ile seti ya kamera ya kung'arisha picha gizani, ikipandishwa na kamera ikipata joto, na Sony wenyewe wanaandika kwamba hata miale ya kutoka anga za juu huvisababisha. Kamkoda za kazi zina dawa ndani ya menyu, za Sony huitwa APR na za Panasonic ABB: iache kamera ipate moto kidogo, funika lenzi, bonyeza, subiri. Kama yako haina, punguza geini uongeze taa. Video mlizokwisha rekodi, programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve Studio ina efekti ya kuziba doti moja moja, ni kazi ya subira ila inatoka safi. Na siku mkinunua mtumba nyingine, pandisheni geini mpaka juu lenzi ikiwa imefunikwa, hapo dukani, kabla ya kutoa hela.